Nilimjibu Kwamba Ameshakula

Mtamba wa mama yangu alikuwa na rangi ya majivu na doa jeupe chini ya koo. Alizaliwa katika boma letu kwenye shamba la mzungu, kati ya Kitale na Naitiri, miaka mitatu baada ya mimi kuolewa. Asubuhi ile mume wangu alimshika sikio likiwa bado limelowa, akasema, "Huyu ni wa mama mkwe. Mtu asije akasema ni wangu." Ninaanza na ng'ombe kwa sababu nimejaribu mara nyingi kuanza na mama, na nimeshindwa. Ng'ombe naweza kumweleza.

Ng'ombe wa mahari yangu walifika kwetu Bumula kabla sijatoka kwa baba. Alibaki mmoja tu, wa mama mwenyewe. Nyumbani kwetu huyo hutolewa mwisho, tena hutolewa na mume kwa mkono wake, si na baba yake. Mpaka afike, mama wa msichana hali chakula kilichopikwa katika chungu cha binti yake. Anaweza kuja kumwona. Anaweza kukaa uani na kumbeba mjukuu. Lakini hali, wala halali pale. Hakukuwa na chuki ndani yake. Ilikuwa heshima, na mama yangu alikuwa mtu wa heshima kuliko wanawake wote niliowajua. Hata maji aliyanywa akiwa amewapa wanaume kisogo.

Mtamba yule alikuwa akingojewa akomae, maana ng'ombe wa mama hapelekwi akiwa ndama. Mama alijua yupo. Kila msafiri aliyepita kutoka kwetu aliniuliza kwa niaba yake, "Yule wa majivu anaendeleaje?" Nami nilijibu kwamba anakula vizuri.

Tulikuwa skwota. Mume wangu alikuwa na kipande, kile cheti cha kazi, akiendesha ng'ombe wa plau na wa gari la mizigo, na kwa kazi hiyo tuliruhusiwa kulima kipande cha ardhi na kuchunga mifugo yetu kwenye majani ya mzungu. Wazee walituambia kwamba zamani, wazungu walipokuwa wachache na nyasi zikiwa nyingi, hakuna aliyeuliza mtu ana ng'ombe wangapi. Baadaye wakaanza kuuliza. Halafu, miaka ile ya vita vya pili, ikaja karatasi.

Karani aliisoma mbele ya ghala. Kila skwota abaki na ng'ombe watano, hata awe na watoto wangapi, na waliozidi waondoke kabla ya mvua. Sisi tulikuwa na tisa. Mzee mmoja aliinua fimbo yake akauliza, "Karani, na ndama aliye tumboni, naye ni ng'ombe?"

Watu walicheka. Karani hakucheka. "Akitoka ni ng'ombe. Mwambie asitoke."

Mume wangu hakuhangaika sana siku ile. Alisema, "Wa majivu si wangu, nimpeleke tu kwa mwenyewe, tutabaki na wanane. Wale watatu nitaona." Lakini ng'ombe hakuruhusiwa kutoka eneo la wazungu kuingia rizavu, upande waliotengewa Waafrika, bila kibali, kwa sababu kulikuwa na karantini ya ugonjwa. Alitembea hadi Kitale kutafuta kibali. Aliambiwa arudi wiki ijayo. Alirudi. Aliambiwa bwana wa mifugo yuko safarini. Mara ya tatu aliambiwa fomu zimekwisha. Njia moja tu haikuhitaji kibali, nayo ilikuwa ya mnadani.

Siku ya mwisho alimpeleka huko pamoja na wale watatu. Jioni alirudi na kamba yake mkononi, akaitundika kwenye msumari juu ya mlango. Alikaa, akavua viatu vyake vya matairi, akasema, "Alinifuata hadi kwenye lango. Sikumvuta hata kidogo." Kisha akasema atapata mwingine. Nilimwamini, na hata leo siwezi kusema alikuwa mwongo. Alikuwa mtu aliyeambiwa arudi wiki ijayo.

Habari ilienea laini nzima ya nyumba za wafanyakazi. Siku moja tulikuwa mtoni tukifua, wanawake kama sita. Mmoja wao, mke wa mkamuaji, alikuwa na ulimi mwepesi.

"Ati wewe, mama yako hajui njia ya huku?"

"Anaijua."

"Basi anangoja nini? Gari la moshi?"

"Anangoja ng'ombe, bana," mwingine akadakia. "Na ng'ombe amemtangulia mnadani!"

Walicheka mpaka mmoja akaangusha shuka majini. "Si uliolewa kwa bei ya jioni wewe," yule wa kwanza akaniambia, "kama nyanya zilizobaki sokoni."

Nilicheka pia, kwa sababu mtu akiacha kucheka pale atachekwa zaidi. Aliyekuwa hacheki ni jirani yangu mmoja tu, mama aliyetoka Nyeri na mumewe miaka mingi nyuma. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na kishamba kidogo cha maharagwe. Alikamua nguo yake, akaniwekea kipande chake cha sabuni juu ya jiwe langu, akasema, "Muacheni afue." Sabuni wakati huo ilikuwa kitu adimu. Lakini kicheko kile kilikuwa kimeshaniingia. Nilirudi nyumbani nikiapa moyoni kwamba hakuna mtu wa laini ile atakayeona tena aibu ya nyumba yangu.

Mwaka uliofuata mvua haikuja. Mwezi wa tatu tulipanda kwenye vumbi, kama desturi, tukijua itatukuta. Haikutukuta. Mlima Elgon ulikaa wazi asubuhi mpaka jioni, bila wingu, ukiwa karibu kama kitu unachoweza kukigusa, na wazee hawakupenda kuutazama. Mahindi yaliyoota yalifika magotini, majani yake yakajikunja kama tumbaku. Ng'ombe wetu watano walilamba ukuta wa nyumba kwa ajili ya chumvi ya udongo. Nikimwona mmoja wao akilamba, nilimkumbuka wa majivu na kujiuliza kama huko aliko anapewa maji.

Sisi tulikuwa na posho. Ilipunguzwa, lakini ilikuwepo. Na ghala la mzungu lilikuwa na mahindi ya mwaka uliopita. Serikali ilikuwa imesema mahindi yote ni yake kununua, ya mzungu na yetu, na kwamba hakuna mtu wa kuyavusha kutoka wilaya moja kwenda nyingine bila barua. Barabarani, mahali mashamba yalipoishia na rizavu kuanza, waliweka mti kukingama njia na askari wawili. Mume wangu alikuwa akipeleka magunia stesheni ya Kitale kwa gari la ng'ombe. Aliniambia yamepangwa huko kupita urefu wa nyumba, yamefunikwa maturubai, na panya wametoboa ya chini. Akasema pia kwamba watu wa kupakia wanapekuliwa mifuko wakitoka, hata mdomo.

Kutoka Bumula habari zililetwa na mtu aliyekuwa akiuza vyungu. Wimbi lilikuwa limeungua shambani. Ng'ombe wa kaka yangu, wale waliofaa, walikuwa wamenunuliwa kwa lazima kuwa nyama ya askari vitani, na waliobaki hawakuwa na maziwa. "Kwenu wanapika majani," alisema. "Mama yako anasema yeye hana njaa. Wewe unajua maana yake."

Nilijua.

Alikuja siku ya Ijumaa, jua likiwa limeshapanda. Nilikuwa uani napukuchua mahindi ya posho, mtoto mgongoni. Niliona mwanamke anakuja polepole kwa njia ya ghalani, nikafikiri ni bibi wa mtu. Nilimtambua kwa namna alivyoushika mkono wake wa kushoto kwenye kiwiko, kama mtu aliyebeba kitu kisichoonekana. Nilitupa ungo nikakimbia.

"Usinikimbilie hivyo," alisema, "utamwangusha mtoto."

Nilipomshika mabega, nguo ilijaa mikononi mwangu na mwili haukujaa. Hakukubali kusogea karibu na mlango. Alikaa juu ya debe lililogeuzwa, kando ya ukuta wa zizi la mbuzi, akitazama njia. Usiku uliopita alikuwa amelala upande wa rizavu kwa mwanamke wa ukoo wetu, na huko ndiko alikotarajia kulala tena. Yule alimpa uji mwepesi. Hicho ndicho kilichokuwa tumboni mwake.

"Baba mtoto yuko?"

"Ameenda Kitale, mama. Amepeleka mahindi stesheni."

"Mahindi," alisema, kama mtu anayejaribu kukumbuka.

Alimchukua mtoto, akamweka mapajani. Nilikwenda kupika. Nilipika nikijua. Nilisonga ugali, nikachemsha majani ya kunde, nikaleta, nikapiga magoti mbele yake. Mvuke ulimpanda usoni. Aligeuza kichwa, akamfuta mtoto pua.

"Mama, ni mimi. Hakuna anayetuona."

"Mimi ninajiona."

"Mume wangu hatajua. Na akijua atafurahi."

"Najua atafurahi. Ni mtu mzuri. Nisimtie aibu ya kulisha mama mkwe kabla ya wakati wake." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nipe mahindi makavu, mwanangu. Makavu hayajaingia chunguni. Nitawapikia watoto wa kaka yako kwenye chungu changu, na mimi nitakula nao. Hicho ondoa."

Nilikiondoa. Nilikifunika ndani ya nyumba ili harufu isimfikie.

Ndipo jirani yangu alipovuka kishamba cha maharagwe. Alikuwa amejifunga leso safi, mikono yake ikinuka moshi. Alimsalimu mama kwa kuinama, mikono yote miwili. Mama hakujua Kiswahili kingi, lakini alijua cha kutosha. Jirani aliniambia mimi, ingawa alikuwa akimtazama yeye:

"Nimeona mgeni. Nina githeri motoni, mahindi kwa maharagwe, imeiva sasa hivi. Wacha mama aje kwangu akae kidogo, apumzishe miguu."

Alikuwa ameelewa kila kitu. Kwake hapakuwa na mkwe. Kwake palikuwa na chungu ambacho mama angeweza kula bila kuvunja chochote. Mama alielewa pia. Aliinua macho, na miguu yake, niliiona, ilijivuta chini yake kidogo, kama miguu ya mtu anayetaka kusimama.

Na mimi nikasema, "Ameshakula."

Sikufikiri kwanza. Au niseme kweli: nilifikiri, haraka sana. Niliona njia ile ya kishamba cha maharagwe, na mke wa mkamuaji amesimama mlangoni kwake akitazama. Nilimwona mama yangu akitoka uani kwangu kwenda kula kwa watu wengine, na laini nzima ikijua sababu. Nilisikia kicheko cha mtoni. Nikasema, "Ameshakula, asante. Ameshiba."

Mama alimeza mate mara moja. Nilisikia akiyameza. Kisha akasema kwa Kiswahili chake, "Nimekula. Asante sana. Mtoto yangu amenilisha vizuri." Miguu yake ikarudi ilipokuwa.

Jirani alisimama bado. Alinitazama, akamtazama mama, kisha akasema, "Haya. Karibuni siku nyingine," na kurudi kwake.

Nikaenda kwa karani kutafuta barua ya mahindi. Alikuwa akila muwa. Alisema barua zinatoka ofisini Kitale, si kwake, na ofisi haitafunguliwa mpaka Jumatatu. Nikamwambia mama yangu hawezi kungoja Jumatatu kwa sababu hana pa kulala. "Kwani hana mkwe?" aliniuliza. Niligeuka nikarudi nyumbani.

Nilitia mahindi kwenye mfuko wa kitambaa, kiasi ambacho angeweza kubeba. Sikuwa na kitu cha kuufunga, nikaivua ile kamba kwenye msumari. Mama aliigusa. "Hii ni kamba ya nini?" Nikasema ni kamba tu. Nilikuwa pia nimechemsha mahindi mabichi mawili yaliyosalimika karibu na mto, nikayafunga kwa jani la mgomba na kuyaficha ndani ya mfuko, juu ya yale makavu. Nilidhani njiani, peke yake, njaa itamshinda. Nilimsindikiza hadi kwenye kona yenye miti ya miwati. Aliniambia nirudi, maana mtoto anapigwa na jua.

Yaliyotokea baadaye niliambiwa na wanawake waliokuwa njia moja naye. Askari wa pale kwenye mti wa njiani hakuwa mtu mbaya. Alimwita mama. Alimuuliza barua, akamuuliza tena polepole, kisha akafungua mfuko na kumwaga mahindi makavu juu ya rundo lililokuwa pale, kubwa kama kichuguu. Kile kifurushi cha jani alimrudishia mkononi. "Hiki ni chakula cha njiani, mama. Kula tu." Akamrudishia na kamba.

Mama alipita karibu na nyumba ya yule mwanamke wa ukoo wetu asiingie. Nadhani aliona haya kuomba uji mara mbili. Alitembea mpaka jua likazama, akajilaza kando ya njia. Asubuhi watu waliokuwa wakienda Bungoma walimwokota, wakampeleka kwenye nyumba iliyokuwa karibu. Alikufa Jumapili kabla ya saa nne. Kaka yangu alipofika kumchukua, walimpa vitu vyake: leso, kamba, na kifurushi cha jani la mgomba. Fundo lilikuwa vile vile nilivyolifunga.

Mvua ilinyesha tulipokuwa hatujamaliza mwezi wa matanga. Ilinyesha kama haikuwahi kukosa.

Mume wangu alinunua mtamba mwingine miaka miwili baadaye, mweusi, na kumpeleka Bumula mwenyewe. Safari hiyo kibali kilitoka siku moja. Kaka yangu alimpokea, akamfunga kwa kamba ile. Mwaka mmoja niliwakuta wakikamua, wakaniletea kibuyu cha maziwa. Niliyashika kwa muda, nikampa mtoto.

Sikumlaumu karani. Kwa muda mrefu nilimlaumu askari, kisha nikaacha. Karatasi iliyosomwa mbele ya ghala, bwana wa mifugo aliyekuwa safarini, wingu lililokataa kukaa juu ya mlima, hayo yote yalimfikisha mama yangu kwenye debe lile. Lakini pale alipoketi alikuwa amebakiza kishamba cha maharagwe tu, na aliyefunga njia hiyo ni mimi.

Kama miaka kumi hivi baada ya hapo, serikali, kwa kuogopa waasi wa msituni, iliwaondoa watu wa kutoka upande wa Nyeri kwenye mashamba ya wazungu. Jirani yangu aliambiwa asubuhi, na mchana lori lilikuwa mbele ya ghala. Mumewe alikuwa ameshachukuliwa na askari siku nyingi. Alikuwa amekaa ndani ya lori juu ya godoro lililokunjwa, na wajukuu wawili, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Nilikwenda na chungu changu, kikiwa cha moto, nimekishika kwa matambara. Askari alisema, "Wewe mama, rudi nyuma." Sikurudi. Aliangalia chungu, akageukia upande mwingine.

"Umekula?" nilimuuliza.

"Nimekula," alisema.

Nilimpitishia chungu kati ya mbao za lori. Kisha, kwa kuwa sikujua kama nitamwona tena, nikasema, "Siku ile mama yangu alipokuja. Hakuwa amekula."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Niliona mikono yake. Mtu aliyeshiba hajishiki hivyo."

"Mbona hukusema?"

Alifunua chungu, akawagawia wajukuu kwanza. "Ningesema nini? Wewe ndiye mwenye mama, na ulikuwa umeshanijibu." Baadaye kidogo akaongeza, "Nilimpakulia. Nikaweka bakuli karibu na mlango, nikasema labda utabadili nia. Nililiondoa jioni."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayenirudishia kitu nilichokisahau nyumbani kwake. Walikula mbele yangu mpaka chungu kikaisha, yeye akikikwangua kwa vidole bila haraka. Dereva aliwasha lori. Akanipitishia chungu kati ya mbao, bado kina joto, nami nikakipokea kwa mikono miwili.